Kocha Asiyepuliza Filimbi

Ndugu zangu, mimi ndiye nimemwomba ndugu wa vyombo azime spika. Msimlaumu. Kipaza sauti nakiheshimu, lakini sisi wawili hatupatani. Kikilia ule mluzi wake mara moja tu, kichwa changu kinapasuka, na mtanibeba nje kabla ya sala ya kufunga. Kwa hivyo nyinyi wa nyuma, sogeeni. Akina mama wa karibu na mlango, kuna nafasi hapa mbele. Sogeeni tu, chai bado inachemka, hamtaikosa.

Asanteni. Chamgei, hamjambo. Sasa tunaonana.

Mwenyekiti alinipigia simu akaniambia, "Kocha, njoo utueleze vile ulitoka shimoni." Nikamwambia, "Mwenyekiti, mimi bado niko ukingoni, mguu mmoja uko ndani." Akacheka, akasema mtu kama huyo ndiye mnayemtaka, kwa sababu waliotoka kabisa wamesahau njia. Ndiyo nimekuja. Naona wengi wenu ni watu wa bodaboda, na wake zao, na wazazi. Sote hapa tuliumia kichwa, au tunamtunza aliyeumia kichwa. Kwa hivyo sitaanza kueleza maumivu ni nini. Mnayajua.

Sitataja jina la mtu. Watu wangu wako hai na wako karibu, na mmoja wao akisikia nimemtaja mbele ya mkutano, leo silali nimekula. Na Kiswahili changu mnivumilie. Niliondoka hapa nikiwa darasa la tatu, nikarudi nikiwa mtu mzima mwenye ndevu. Hiki mnachosikia nimefundishwa upya na wanafunzi wangu wa chuo, na walinicheka sana kabla hakijanyooka. Ningeongea Kipsigis, lakini naona tuko na ndugu zetu ambao wazazi wao walitoka Nyeri na Murang'a, na ajali haiulizi mtu anatoka wapi.

Basi. Mimi ni wa Kapkatet. Shamba letu liko pale chini, majani chai mpaka karibu na mto. Baba alifariki nikiwa mdogo, na mama, ambaye ni muuguzi, akapata kazi Kanada. Akanibeba. Tulifika wakati wa baridi. Nyinyi mnajua baridi ya Kericho asubuhi, ile ya kukufanya ushike kikombe kwa mikono miwili? Hiyo ni joto. Kule ziwa linaganda. Ziwa zima! Watu wanaegesha gari juu yake. Na watoto wanavaa viatu vyenye makali ya chuma chini, wanateleza wakifukuzana na magongo mikononi.

Mama alifanya kazi ya zamu, na jirani mmoja aliona si vizuri nikae peke yangu ndani ya nyumba. Akanipeleka ziwani pamoja na watoto wake. Siku hiyo nilianguka nikavunja jino. Nikarudi tena kesho yake. Baada ya muda ikawa nikiteleza, wale walionicheka hawanifikii.

Mchezo wenyewe ni hoki, mpira wa magongo, ila mpira hakuna. Kuna kidude cheusi, bapa, kigumu kama soli ya buti, na kikipigwa na mtu anayejua hukioni, unasikia tu kimegonga ukuta. Nilipomaliza shule nikasajiliwa na timu ya kulipwa. Si zile kubwa za kwenye runinga. Timu ya mji mdogo, tunasafiri kwa basi, tunacheza, tunarudi. Lakini nililipwa kucheza, ndugu zangu! Mtoto wa Kapkatet, kwenye barafu! Mama alikuwa na fulana ya timu yenye jina la baba yangu mgongoni. Akitoka zamu anaivaa juu ya sare yake ya uuguzi, anakuja uwanjani hivyo hivyo, anasinzia mpaka niingie mchezoni, halafu anaamka anapiga kelele kwa Kipsigis. Watu walidhani anaomba.

Nilikuwa beki. Kule kumgonga mwenzako kwa bega ni halali, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Nagonga, nagongwa. Kichwa kikigongwa, unakaa kidogo kwenye benchi, kocha anainama, anakuuliza, "Uko sawa?" Unasema, "Niko sawa." Unarudi. Watu wanashangilia kwa sababu umerudi. Yule kocha simlaumu. Aliuliza, nikajibu. Wote tuliamini kwamba mwanamume ni yule anayerudi.

Siku ya mwisho niligongwa asubuhi mazoezini, nikasema niko sawa, na kwenye mechi jioni nikagongwa tena, kichwa kikafika ukutani. Ile ya jioni siikumbuki. Nimeonyeshwa tu kwenye video. Ninachokumbuka ni kwamba nilikuwa nimelala kwenye ujia wa kuelekea chumba cha kubadilishia nguo, na mama amepiga magoti juu yangu na ile fulana yake, na mimi namuuliza, "Ng'ombe wamekamuliwa?" Tulikuwa hatuna ng'ombe. Ng'ombe walikuwa huku.

Kutoka hapo mnajua njia. Mwanga ukawa kama sindano. Sauti ya kijiko kwenye sahani nikawa naisikia ndani ya meno. Natafuta neno la kawaida, neno kama "mlango", silioni, najikuta naonyesha kwa kidole kama mtoto. Mkataba wa timu ukaisha, haukurudiwa. Wachezaji wenzangu walikuja kuniona, halafu wakaja mara moja moja, halafu maisha yao yakaendelea. Mama akitoka zamu ananikuta nimelala kwenye sakafu ya bafu, kwa sababu bafu halikuwa na dirisha. Kulikuwa na asubuhi ambazo nilitamani nisiamke. Nalisema hili waziwazi kwa sababu najua kuna mtu hapa amekaa na neno hilo peke yake. Mimi nilimwambia mama. Yeye hakupiga kelele. Aliketi sakafuni hapo bafuni, akashika mguu wangu, akasema, "Twende nyumbani. Huku kelele za treni ni nyingi sana."

Akanileta kwa shangazi yangu, dada wa baba. Sisi tunaita senge. Mama alikaa mpaka likizo yake ikaisha, akarudi kazini akilia, na mimi nikabaki na senge.

Sasa nawaambia habari za huyo mama.

Senge anachuma majani chai yake mwenyewe, anakamua ng'ombe wake mwenyewe, na hana wakati. Siku ya kwanza alitundika blanketi dirishani. Akatoa kuku wote wa upande ule wa nyumba. Jogoo alikuwa na sauti kubwa sana, na jogoo huyo, ndugu zangu, tulimla Jumapili. Watu wakaanza kuja. Mnajua mtu akirudi kutoka ng'ambo. Wengine walikuja na maombi, wengine walikuja kuona. Huko nje ikasemwa kwamba nimeharibiwa na madawa, ikasemwa nilifungwa nikafukuzwa. Mimi niko ndani gizani, nasikia kila kitu. Na senge akisimama mlangoni na kikapu chake anawaambia, "Akipona atakuja kwenu mwenyewe. Kwa sasa anataka kimya. Kama ni maombi, Mungu anasikia hata mkiwa kwenu."

Jioni alikuwa anaingia, anaketi kwenye kiti karibu na kitanda, hasemi kitu. Nikamuuliza mara moja, "Senge, unafanya nini hapo?"

"Nimechoka miguu," akasema. "Kwani hiki kiti ni chako?"

Nilimkaripia wakati mwingine. Hasira ilikuwa inatoka mahali nisipopajua. Ananiangalia, anasema, "Hicho ni kichwa kinaongea. Wewe ukirudi tutaongea." Anaenda kukamua.

Baada ya muda akaleta sufuria ya viazi na kisu. "Menya. Kumenya viazi hakuhitaji taa." Nikamenya. Kesho yake viazi. Halafu mahindi ya kupukuchua. Alikuwa ananirudishia mikono yangu kidogo kidogo. Alinipeleka pia hospitali pale Kapkatet, asubuhi na mapema kabla jua halijawa kali, na kofia yake ya kanisani kichwani mwangu. Ndiyo, ile yenye ua. Daktari tuliyemkuta alikuwa mtu mpole. Akafunga pazia kabla hajaniambia niketi. Akaniambia ubongo umeumia kama mguu unavyoumia, na si aibu. Akasema nitembee kidogo kila siku wakati wa mwanga mdogo, nikiumwa nipumzike, nisijilazimishe, na nisijifungie pia.

Basi senge akapata kazi inayofaa maagizo ya daktari. Jioni jua likipoa, nilibeba majani mpaka kituo ambapo lori la kiwanda linachukua. Mara ya kwanza nilipotea nikirudi, kwenye njia ambayo nilipita kila siku nikiwa mtoto. Nikakaa chini kati ya majani chai nikalia. Alinipata, akaketi kando yangu, akaanza kuchuma yale majani yaliyo karibu yetu. Nikamwambia, "Senge, hili si shamba letu." Akasema, "Lo! Unaona? Kichwa kinafanya kazi." Akayaacha pale, tukaenda.

Njia hiyo ya kituo inapita kando ya chuo cha ualimu. Jioni moja nikasikia, tak! Nikasimama. Tak! Tak! Ndugu zangu, hiyo sauti haikuniumiza. Sijui niwaeleze vipi. Kijiko kwenye sahani kiliniumiza, kengele ya kanisa iliniumiza, lakini gongo kwenye mpira, hapana. Nikaweka kikapu chini nikasogea kwenye ua wa chuo.

Walikuwa wasichana wa chuo wanacheza hoki, hii yetu ya kwenye nyasi. Uwanja wenyewe umeinama upande mmoja, mpira ukikosewa unakwenda kwa majani chai na mchezo unasimama wote wautafute. Beki mmoja alikuwa karibu yangu. Kila mpira ukija unaruka gongo lake. Nikajikuta nasema, "Shusha mkono wa kulia. Piga goti kidogo." Akashusha. Mpira ukaja ukatulia kwenye gongo kama umelala.

Mwalimu wao wa michezo akanijia. Ni mama ambaye wazazi wake walitoka Nyeri wakafungua duka la vifaa vya ujenzi hapa zamani, na anaongea Kipsigis vizuri kuliko mimi. Akaniangalia, miwani nyeusi, kofia ya kike yenye ua.

"Wewe, kwani unajua hii kitu?"

"Najua ile ya barafu."

"Barafu gani? Ya friji?"

Wasichana wakaanguka chini kwa kicheko. Na mimi nikacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu niumie, na kichwa hakikupasuka. Tangu siku hiyo chuoni mimi ni Kocha Friji. Hata mkuu wa chuo akisahau, ananiita hivyo mbele ya wageni.

Mwalimu akaniambia nije kesho. Nikamwambia siwezi filimbi. Ikipulizwa karibu yangu naanguka. Mwalimu mwingine angesema basi, asante, nenda. Yeye akafikiria, akatoa kitambaa chekundu shingoni mwake, akanipa. "Utapeperusha hiki. Wao watajifunza kutazama."

Na wakajifunza! Nikiinua kitambaa wanasimama. Nikikizungusha wanabadilisha upande. Na kwa sababu wanacheza wakitazama, si wakisikiliza, wakaanza kuonana wao kwa wao. Beki akiinua kichwa, winga ameshaelewa. Walikuja kuniambia wenyewe, "Kocha, wewe ukiwa na sisi hatutapiga kelele uwanjani." Sikuwaomba. Wasichana wa miaka ya ishirini, ndugu zangu, na mnajua kelele zao, walikaa kimya mazoezi yote kwa ajili ya kichwa cha mtu wasiyemjua. Vyuo vingine vikitukuta vilidhani tumefunga kwa maombi. Kumbe ni adabu tu.

Tukaanza kushinda.

Sasa nifike kwenye ile siku.

Tulikuwa kwenye fainali ya vyuo vya eneo letu, kule Kericho. Mshindi anakwenda mashindano ya taifa, na chuo chetu kilikuwa hakijawahi kufika. Kapteni wetu alikuwa msichana kutoka Chebunyo, kiungo wa kati, mwaka wake wa mwisho. Mimi nimecheza na wanaume waliolipwa, lakini sijaona mtu anayesoma mchezo kama yule. Baba yake mzazi, mfugaji, alikuwa hajawahi kumwona akicheza. Siku hiyo alikuja, na fimbo yake na koti lake zuri, akasimama karibu na kamba akiwaambia watu, "Yule. Yule wa katikati. Ni wangu."

Tulikuwa sare, na muda unaisha. Mpira ukainuka, yeye na msichana wa upande wa pili wakauendea pamoja, na vichwa vikakutana. Nilisikia ile sauti. Mnaijua. Akaanguka, akakaa, akasimama. Uwanja mzima ukapiga makofi kwa sababu amesimama. Akaja kando kwangu akitabasamu.

"Kocha, niko sawa."

Ndugu zangu, neno hilo nililisema mimi.

Nikamwambia, "Vizuri. Tunacheza na nani leo?"

"Kocha, acha mchezo. Muda unaenda."

"Niambie tu. Tunacheza na nani?"

Akataja chuo. Kilikuwa kile tulichocheza nacho wiki iliyotangulia.

Nikamshika mkono nikamketisha. Nikamwita mchezaji wa akiba. Kapteni akaanza kulia, "Kocha, usinifanyie hivi, kocha tafadhali, baba yangu yuko hapo." Mkuu wa chuo akainuka kitini, akaja, "Kocha, zimebaki dakika chache tu. Si anasema yuko sawa?" Baba yake akavuka kamba na ile fimbo. "Mrudishe! Mtoto wangu si mgonjwa! Amesimama mwenyewe, si mmemwona?" Watu nyuma yangu wanapiga kelele, na kelele hizo zinaingia kichwani kama misumari, macho yangu yanaanza kufunga giza pembeni. Nilikuwa nataka kuondoka nilale mahali. Ningesema neno moja tu, "Rudi", na kelele zote zingeisha.

Mwalimu wa michezo alikuja akasimama kando yangu. Hakuniambia nifanye nini. Alisimama tu, akamtazama mkuu, akamtazama mzee. Nikapata sauti.

Nikamwambia yule mzee, "Baba, mimi nilisimama mwenyewe pia. Nilirudi mchezoni, na mpaka leo siwezi kusoma ukurasa mzima bila kupumzika. Ukitaka kunipiga na hiyo fimbo, nipige. Lakini huyu harudi."

Hakunipiga. Lakini hakunisamehe pia. Aligeuka akaenda kusimama mbali.

Tukashindwa kwa mikwaju ya penalti. Mkwaju wa mwisho ndio kawaida hupigwa na kapteni. Yule aliyempokea aliukosa. Kwenye gari la chuo kurudi, hakuna aliyeniangalia. Ule ukimya wao siku hiyo haukuwa ule wa kunihurumia, nawaambia ukweli.

Asubuhi yake kapteni alitapika kwenye meza ya chai. Akafunika macho kwa mikono, akauliza ni nani amewasha taa, na taa hakuna aliyewasha. Lilikuwa jua. Mwalimu wa michezo akamkimbiza hospitali, mimi nikamfuata kwa bodaboda, na mtu wa bodaboda, Mungu ambariki, alivyoona jinsi nilivyokaa alienda polepole kama amebeba mayai. Daktari akampima, akasema ubongo umetikisika, apumzike kabisa. Akauliza, "Alirudi uwanjani baada ya kugongwa?" Mwalimu akasema hapana. Daktari akasema, "Aliyemzuia amemwokoa na mengi. Kichwa kilichoumia kikigongwa tena kabla hakijapona, hapo ndipo tunapoteza watu."

Mimi nilitoka nje. Nikaketi kwenye majani nyuma ya ukuta wa hospitali, na nikalia mpaka mlinzi akaja kuuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, hakuna aliyekufa. Hakuna aliyekufa! Tangu niumie nilikuwa najiona kama chombo kilichovunjika, kinachosubiri kutupwa. Na siku hiyo, kile kile kilichovunjika ndani yangu ndicho kilichomwona yule msichana wakati uwanja mzima haukumwona. Mwenye kichwa kizima angempigia makofi amrudishe. Nilipoinuka hapo nyuma ya ukuta, maumivu yalikuwa yale yale. Lakini nilikuwa na kazi duniani.

Kapteni alikaa kimya gizani wiki kadhaa. Nilikwenda kumwona kila nilipoweza. Mwanzo hakutaka kuongea na mimi, na nikaketi tu. Akapona, asante Mungu, akafanya mtihani wake, akafaulu.

Baba yake alikuja Kapkatet. Nilimwona akishuka kilima na lile koti, mkononi amebeba kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando. Nikadhani bado ana hasira. Senge akampokea, akamketisha, akampa chai. Yule mzee akaimaliza, akaweka kikombe chini, halafu akaniambia, "Mimi nilipiga kelele mbele ya watu. Kwa hivyo nimekuja kusema asante, na nimepita sokoni nikawaambia watu ninakoenda." Akanimiminia mursik yeye mwenyewe. Sijawahi kupewa kikombe na mtu wa aina ile. Kwenye timu ya kulipwa nilipewa vikombe, lakini vilikuwa vya bati.

Chuo kilinipeleka kozi ya ukocha, na nilichukua muda mrefu kuliko wenzangu kuimaliza, kwa sababu ya kusoma kwa mapumziko. Mwalimu wa michezo alinisomea vitabu kwa sauti ya chini. Sasa nimeajiriwa, ni kocha wa chuo kabisa, na meza yangu iko kwenye chumba chenye pazia. Tulifika mashindano ya taifa. Tulitolewa mapema, msipige makofi sana. Lakini tulifika. Yule kapteni ni mwalimu wa shule ya msingi upande wa kwao, amewatengenezea watoto magongo ya miti ya hapo, na nimesikia naye anapeperusha kitambaa. Kichwa chake ni kizima, filimbi angeweza kupuliza. Anasema ndivyo hoki inavyofundishwa.

Namshukuru mama yangu, aliyeketi kwenye sakafu ya bafu. Namshukuru senge, ambaye akisikia namshukuru atauliza kama nimemaliza majani. Namshukuru daktari aliyefunga pazia kabla ya kuniuliza jina. Yule mwalimu, mama wa Nyeri na wa Kapkatet, alinipa kitambaa cha shingo yake na akasimama kando yangu siku ambayo hakuna aliyetaka kusimama hapo. Nawashukuru wasichana wangu wote, waliokuwepo na waliopo. Kongoi mising, asanteni sana.

Na nyinyi wa bodaboda, nawaomba kama ndugu. Mwenzenu akianguka akasimama, msifurahi haraka. Muulizeni alikuwa amembeba nani. Muulizeni anakwenda wapi. Akichelewa kujibu, chukueni ufunguo wa pikipiki. Atakasirika. Mwacheni akasirike. Kesho atakuwa hai, akiwa na hasira zake.

Neno la mwisho, halafu nikae. Nikiingia hapa, mama mmoja alinisimamisha getini. Ameniambia mwanawe alianguka na pikipiki upande wa Sotik, na tangu hapo amejifungia. Hataki kuja kwenye kikundi, anasema hataki watu wamwone akipoteza maneno.

Mama, usiinue mkono, sitakuonyesha kwa watu. Mwambie asije. Mwambie kesho jioni, jua likipoa, kuna mtu atapita kwenu. Mtu huyo haleti maswali. Ataketi tu, hata kama ni chini. Na kijana akianza kusema kitu neno likampotea katikati, asione haya. Huenda na mimi nitakuwa nimepoteza langu. Tutayatafuta pamoja, polepole, mpaka tuyapate.